Mtoto Niliyemjibia

Wanangu mnaoingia wodi za watoto mwaka huu, kaeni kwanza. Mimi sitakaa. Tangu nistaafu miguu imekataa kutulia, na binti yangu ninayeishi naye hapa Rashidiya, Dubai, anasema nimemchakazia zulia kwa kwenda dirishani na kurudi. Ndege zinapita juu ya nyumba kutwa nzima, nami kila moja naisindikiza kwa macho mpaka ipotee. Basi nitawaandikia hivi hivi, nusu nimesimama, na mkiona nimeruka kutoka jambo hili hadi lile, nivumilieni.

Mnapokuja Jumamosi kuniuliza habari za mtihani wa leseni huwa mnataka na hadithi pia. Mnapenda zile za matajiri waliolazwa, maua yakajaa korido mpaka wafagizi wakakosa pa kupita. Hizo ninazo, na nyingine nimezitia chumvi kidogo. Lakini inayoninyima raha ni moja, nayo haina tajiri ndani yake. Ni ya mtoto wa miaka sita aliyeletwa kwangu akiwa ameumizwa, nami nikamrudisha kwa aliyemuumiza, kwa sababu nilimjibia swali nililopaswa kumwachia ajibu mwenyewe. Nitamwita Peris. Jina lake la kweli silitaji.

Mimi ni Wakesho, mtu wa Wundanyi, Mtaita kwa baba na mama. Nimefanya uuguzi Dubai miaka ishirini na sita, karibu yote katika chumba cha dharura cha watoto kwenye hospitali moja upande wa Deira. Nilifika nikijiona najua kila kitu kwa kuwa nyumbani nilikuwa nimehudumia watoto wa malaria na kuhara mpaka basi. Siku ya kwanza nikapangwa zamu na Sista Leela, mama mfupi kutoka Kerala, mwenye mikono yenye joto kama chapati iliyotoka sasa hivi kwenye kikaango. Joto lile halikuwa bahati. Kabla hajamgusa mtoto alikuwa anaisugua mikono kwa bidii mpaka tukawa tunamcheka.

Aliniona nimesimama juu ya mtoto kama askari wa lango, akanivuta nguo kwa nyuma.

"Yalla, Wakesho, shuka chini! Anaona matundu ya pua yako tu, masikini."

Tulikuwa tukizungumza Kiingereza kilichochanganyika na Kiarabu cha kazini, lakini nawaandikia kwa Kiswahili. Nilishuka. Tangu siku ile nimefanya kazi yangu nikiwa nimechuchumaa au nimekaa sakafuni, na magoti niliyo nayo leo ni ushahidi. Mtoto aliyeogopa msogeleeni kwa kukaa chini kuliko yeye. Mpeni kipimo cha kusikilizia moyo awawekee nyinyi kifuani kwanza. Msichana mmoja aliniwekea kipimo tumboni, akasikiliza kwa makini, kisha akamtangazia mama yake kwamba ndani ya sista kuna gari bovu. Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Alicheka mwenyewe, na alipomaliza kucheka aliniachia nimtazame sikio.

Halafu ombeni ruhusa. Najua hamkulelewa hivyo, wala mimi sikulelewa hivyo. Kwetu mtoto anageuzwa kama mzigo, anavuliwa shati, anachomwa sindano, akilia anaambiwa nyamaza. Lakini huyu mtoto ambaye huenda ameumizwa, mwili wake umeshashikwa sana bila yeye kuulizwa. Mwambieni, "Sasa nataka kutazama mikono. Tuanze na upi?" Akisema hapana, na maisha yake hayako hatarini, simameni. Mwambieni mtarudi kuuliza tena. Mtaona madaktari wakitazama saa. Waacheni watazame.

Na mtazameni mtoto mzima, kuanzia utosini na nyuma ya masikio hadi nyayoni, kila sehemu kwa zamu yake, huku nyingine zikiwa zimefunikwa. Hili la kumtazama mzima liandikeni mahali, kwa maana mimi nililijua vizuri na siku nilipolihitaji nililiacha.

Nimekwenda dirishani, nimerudi. Tuendelee.

Nimetumia neno "huenda" kwa makusudi. Kazi yenu si kuhukumu, na kuna siku hatari iko upande wa pili, ya kumshuku asiye na kosa. Kuna mama Mganda, mhudumu wa hoteli, aliyeleta mtoto mchanga mwenye mafua. Daktari kijana aliyetoka nchi za baridi alimgeuza mtoto, akaona baka la buluu chini ya mgongo, kubwa kama kiganja. Uso wake ukabadilika, akatoka kwenda kupiga simu. Mama aliuona ule uso, akamvuta mtoto kifuani bila hata kujua kosa lake. Mimi nikamfuata daktari kwenye korido.

"Dakta, watoto wetu wengi huzaliwa nalo. Halimuumi. Halijavimba, wala halitabadilika rangi siku hadi siku kama jeraha. Tutafute kadi yake ya kliniki."

Tukaitafuta, na kweli, baka lilikuwa limeandikwa tangu siku aliyozaliwa. Daktari akarudi akamwomba radhi yule mama, jambo ambalo si wengi wangelifanya. Mimi kichwa kikanivimba. Nikaanza kujiona wakala wa Waafrika wote waliopita mlango wa hospitali ile: hawa ni watu wangu, nawajua, niulizeni mimi. Nawaambia hili mapema kwa sababu kosa langu kwa Peris lilizaliwa kwenye kiburi hiki.

Alikuja mchana, saa ambayo ukitoka nje joto linakufunga pumzi. Mtu wa mapokezi akaniita: kuna watu wanaongea lugha yako. Nikatoka nikakuta mwanamke nadhifu, kitambaa kimefungwa vizuri, amemshika bega mtoto wa kike aliyevaa fulana ya mikono mirefu. Akatazama jina kifuani pangu, macho yakamng'aa.

"Wakesho! Sista, wewe si ni wa kwetu kabisa?"

Alikuwa wa Mwatate, jirani na kwetu. Nyinyi mlio mbali na nyumbani miezi mitatu hamjui bado. Subirini ifike miaka kumi na kitu halafu mtu akusalimieni kwa Kidawida, lugha ya kwetu Taita, katikati ya korido ya Deira. Tulianza salamu. Na salamu zetu mnazijua, haziishi kwa habari na nzuri. Tukaulizana mlima, mto, kanisa, shule. Ikaonekana mjomba wake alimfundisha kaka yangu hesabu, na viboko vyake kaka yangu anavikumbuka hadi leo. Tukashikana mikono tukacheka mpaka mlinzi akageuka. Alikuwa akinunua bidhaa kwenye maduka ya Naif na kuzisafirisha Mombasa; akaniambia nikipita Naif niulizie, atanipikia kimanga, chakula chetu cha nyumbani. Muda wote huo Peris alisimama katikati yetu, mkono wa kulia umeushika wa kushoto kwenye kiwiko, akingoja tumalize.

"Huyu ni wa dada yangu mdogo," akasema. "Mamake ni sekyuriti, analala kambi ya kampuni huko Al Quoz, sasa mimi ndiye nakaa naye. Mtundu, sista! Amekimbia kwa ngazi mpaka akaanguka. Nilikuwa nimemwambia."

Nikamgeukia mtoto. Nilichuchumaa, hilo nililikumbuka.

"Pole mama. Ulianguka kwa ngazi, eeh?"

Alimtazama anti yake, kisha akanitazama mimi. "Ndiyo, anti."

"Ulikuwa unakimbia?"

"Ndiyo, anti."

"Ukaangukia mkono huu?"

"Ndiyo, anti."

Sauti yake ilikuwa ya heshima, na nakumbuka niliwaza, huyu amelelewa vizuri. Nikaandika kwenye kompyuta: mtoto anasema alianguka ngazini akikimbia. Dakta Samira, Msudani aliyekuwa zamu siku ile, alikuwa na watoto watano wakimngoja. Alitazama picha ya mifupa, hakuna kilichovunjika, kiwiko kimeteguka. Akaniuliza, "Umemuuliza mtoto mwenyewe?" Nikamjibu kwa majivuno, "Nimemuuliza, dakta, kwa lugha yake." Aliniamini.

Fulana ya mikono mirefu sikuivua. Nilikata sehemu ya mkono mmoja tu kwa mkasi, tukafunga bendeji, tukamtundikia mkono shingoni. Ningemvuaje mtoto wa watu mgongo wazi mbele ya mwanamke tuliyekuwa tumeshakuwa ndugu? Ingekuwa kama kumwambia, nakushuku. Niliona aibu. Mtu akiniuliza leo kwa nini, jibu ni hilo, niliona aibu mbele ya mtu wa kwetu, na aibu yangu nikaiweka mbele ya mgongo wa mtoto.

Waliondoka. Anti alinipungia mkono kutoka mlangoni.

Jioni, wakati wa kukabidhi zamu, Sista Leela alisoma nilichoandika. Alikuwa msomaji wa polepole, miwani imekaa ncha ya pua.

"Wakesho, hapa uliuliza au ulimwambia?"

"Nimeuliza. Alisema ndiyo."

"Nitajie swali lako."

Nikamtajia. Akaurudia mstari ule kwa kidole.

"Na mtoto wa kwenu, mtu mzima akimwambia jambo, husema nini?"

Nilikasirika, wanangu. Nilikasirika kwa sababu nilijua. Kwetu mtoto anayemwambia mtu mzima "sivyo" hana adabu, na mimi mwenyewe mama yangu alinifunza "ndiyo" kabla hajanifunza kufunga kamba za viatu. Ningemuuliza Peris kama aliangushwa na ngamia angesema ndiyo, anti.

"Alikuwa peke yake ulipomuuliza?" Leela akaendelea.

"Alikuwa na anti yake."

"Mgongo uliona?"

"Sikuona."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alivua miwani, akamwita Dakta Samira, na wote wawili wakaenda kwa afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali. Nilibaki nimesimama kando ya kompyuta. Wakapiga namba iliyoachwa mapokezi. Anti akapokea, mchangamfu vilevile: mtoto anaendelea vizuri, amelala, Mungu awabariki. Wakampa siku ya kumrudisha kuangaliwa mkono. Siku ile ikafika, hakuja. Simu ikawa inaita tu.

Hapo ndipo usingizi uliponihama. Siku yangu ya mapumziko nilifanya jambo la kipumbavu ambalo nawakataza msilifanye kamwe. Nilipanda metro nikashuka upande wa Naif, nikazunguka vichochoro vile vya maduka ya jumla, kati ya mafurushi yaliyofungwa kwa utepe wa gundi na wachuuzi wanaoita "mama Africa, karibu," nikitazama juu madirishani. Nilikuwa natafuta fulana ile niliyoikata mkono mmoja kwenye kamba za kuanikia. Nilizunguka mpaka mchuuzi mmoja akaniuliza nimepoteza nini. Nikageuka nikarudi kituo cha metro. Kesho yake nilimweleza Leela, nikidhani atanisifu.

"Ungemkuta, ungefanya nini?" akaniuliza. "Ungembeba? Ungemtisha yule mwanamke, naye angehama, na mtoto ndiye angepigwa. Wewe ni nesi. Kuna wenye kazi ya kwenda majumbani. Khalas, tulia."

Sikutulia, lakini sikwenda tena. Kilichotuokoa ni kazi ya mezani isiyo na ushujaa wowote. Kwenye karatasi za mapokezi palikuwa na nafasi ya namba ya pili, na anti alikuwa ameandika ya mama mzazi, labda kwa mazoea. Afisa wa ustawi alimpigia mama Peris kwenye lindo lake, hakumwambia zaidi ya kwamba mkono wa mtoto unatakiwa kuangaliwa na ni muhimu amlete yeye mwenyewe, leo kama inawezekana, kesho asubuhi isipite. Siku ya kumi na moja tangu siku ile ya kicheko, mama akaja na Peris.

Kabla sijawaingiza, niseme habari ya mambo yalivyobadilika. Nilipoanza kazi, mtoto kama huyu alikuwa anaulizwa na nesi, akaulizwa na daktari, akaulizwa na daktari mkubwa, kisha na mtu wa ofisi, na kila mmoja kwa njia yake, mpaka mtoto anafika wa tano ameshajifunza jibu linalomaliza maswali haraka. Sasa anauliza mmoja aliyefunzwa, mara moja, kwa maneno machache, na mtoto akisema, maneno yake yanaandikwa yalivyo. Nyinyi mmeyakuta haya mezani kama chai. Sisi tuliyafikia kwa kukosea juu ya watoto wa watu.

Mama Peris alikuja na sare yake ya ulinzi, kofia mkononi, jasho limemkauka shingoni.

"Sista, niambie tu, kuna shida? Nimeomba ruhusa, basi ya kampuni inanirudisha saa sita. Supervisor yangu si mtu wa kuongea mara mbili."

Alipoona jina langu alitabasamu, akataka kuanza salamu za nyumbani. Nikamjibu habari za asubuhi, basi, nikaishia hapo. Niliona tabasamu likikatika. Aliniona nimekuwa Mdubai, mwenye kujidai. Iliniuma, na bado ningefanya vilevile leo. Leela akamchukua chumba cha pili, akampa chai, akamwambia kwa upole kwamba kila mtoto hutazamwa kidogo akiwa peke yake na daktari, ndio utaratibu wetu kwa wote. Mama alikubali. Muwe nalo hilo neno, utaratibu. Linawatenganisha watu bila ugomvi.

Na msianze kuwaza karatasi za viza za mtu, nani ni kafeel, yaani mdhamini, wa nani, mtoto yuko nchini kwa njia gani. Nesi akianza kuwaza hayo mkono wake unakuwa mzito. Kuna wenye kazi hiyo. Yenu ni mwili wa mtoto na maneno yake, na kama mnashuku, sheria inataka mseme, nanyi mseme kwa mkubwa wenu siku hiyo hiyo.

Chumbani tulikuwa wanne: Peris, Dakta Samira, afisa wa ustawi na mimi. Mkalimani mwingine wa Kiswahili hakupatikana. Afisa, mwanamke wa hapa hapa mwenye sauti ya chini, alinitazama kabla ya kuanza.

"Utafasiri kila neno. Usiongeze, usipunguze, usirekebishe. Hata likiwa halina maana. Unaweza?"

Nikasema naweza.

Tulikaa sote sakafuni. Afisa alizungumza na Peris kuhusu shule na kuhusu viatu vyake vyenye taa, kisha akasema, nami nikafasiri, "Niambie habari za mkono wako."

Peris hakusema kitu.

Wanangu, hakuna mtihani wa leseni utakaowapima kwa jambo hili. Kimya. Kwetu mtu mzima akiuliza na mtoto akanyamaza, tunamsaidia, tunamwekea jibu mdomoni ili mambo yaende. Nilikuwa na majibu kumi ulimini. Nikauma shavu kwa ndani. Nikahesabu vigae vya ukutani, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Afisa hata hakujongea. Peris alikuwa akibonyeza kiatu, taa zinawaka, zinazima.

"Mkono haukuanguka," akasema.

Nikafasiri hivyo hivyo: mkono haukuanguka. Mwalimu wa lugha angecheka. Afisa akaandika.

"Niambie zaidi."

"Anti aliuvuta. Kwa sababu nilimwaga maziwa." Akabonyeza kiatu. "Siku nyingine ni waya ya chaja. Hiyo ni ya mgongo."

Kisha akashtuka, akanishika kidole. "Usimwambie anti."

Hapa wengi wenu mtaahidi. Moyo utawasukuma muahidi, kwa sababu mtoto amekushikeni kidole na neno "sawa" ni jepesi. Msiahidi. Afisa alisema, nami nikafasiri, kwamba hawezi kuahidi kutomwambia mtu yeyote, kwa sababu kuna watu wenye kazi ya kuhakikisha haumizwi tena, na hao lazima wajue. Lakini kila atakalofanya atamweleza Peris kabla. Mtoto alifikiri. Kidole changu hakukiachia.

Dakta Samira akaomba ruhusa ya kutazama mgongo. Peris akasema ndiyo, lakini sista ashike shati. Nikalishika. Alama zilikuwa zimejikunja kama kitanzi, za zamani na za karibuni, na za karibuni zilikuwa hazijafika siku kumi na moja. Nilijua kukisia siku za jeraha kwa rangi yake ingawa hakuna anayeweza kuapa kwa rangi peke yake. Kazi yenu saa ile ni uso. Msikunje uso, msigune, msiseme Yesu wangu. Mtoto anakusomeni kama ubao. Daktari akapiga picha na rula kando, akachora mahali pa kila alama kwenye mchoro wa mwili, akimweleza Peris kila alichokuwa akifanya.

Simu zilipigwa kwa wanaohusika. Mama aliambiwa na daktari, Leela akiwa amekaa karibu naye. Nilikuwa mlangoni. Hakupiga kelele. Aliiweka kofia mezani kwa uangalifu, akainyoosha, kama vile kuna mkubwa wake angeikagua.

"Kwa simu alikuwa analia kila mara," akasema. "Mimi nilidhani ananimiss tu."

Basi la kampuni liliondoka bila yeye. Peris alilazwa, mama yake akaruhusiwa kulala naye, watu wenye mamlaka wakaingia na kutoka, na anti hakufika tena pale. Siku ya tatu nilikuwa mapumziko, na niliporudi kitanda kilikuwa na mtoto mwingine mwenye pumu. Hatuambiwi yanayofuata, na ni haki tusiambiwe. Habari ya mtoto si mali ya nesi. Lakini hiyo ndiyo inayonizungusha juu ya zulia la binti yangu. Kila nikimwona msichana wa umri unaokaribia wake kwenye metro natazama namna anavyobeba mkono wa kushoto. Sijui kama walibaki Dubai, sijui kama walikwenda nyumbani. Najua siku kumi na moja zile zilikuwa zangu, na hakuna aliyeniadhibu kwa ajili yake zaidi ya mimi.

Kuna jambo sijalisema bado, na binti yangu mwenyewe sijawahi kumwambia. Ni la siku ile ile, chumbani, kabla simu hazijapigwa. Daktari alikuwa amemaliza. Nilikuwa nimepiga magoti nikimfungia Peris vifungo vya gauni la hospitali, afisa bado ameshika kalamu. Peris alikuwa ananichunguza usoni kwa karibu sana, kama mtu anayetafuta kufanana.

"Kwani wewe si ndugu yake anti?" akaniuliza.

"Hapana, Peris. Siku ile ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona."

"Lakini mlishikana mikono. Mlicheka sana." Alisubiri kifungo kiingie. "Mimi nilitaka kukuambia. Nikadhani wewe ni wake."

Afisa akainua kichwa. "Amesema nini?"

Nikamfasiria neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza, naye akayaandika.